Walt Disney, mutoto wa magazeti mwenye alileta Blanche-Neige ku sinema

Mu nyumba nyingi za kwetu, mutoto wa miaka ine anajua hadisi ya Blanche-Neige. Aliiona ku televizio ao ku telefone ya mukubwa wake, na anaweza kutaja wale wafupi saba bila kusahau hata mumoja: Prof, Grincheux, Joyeux, Dormeur, Timide, Atchoum na Simplet. Kitu chenye wazazi hawatiake sana akili ni kazi ya wale wafupi. Ni wachimbaji. Wanaingiaka mu mulima na pioche, wanatosha mawe ya bei kali, na mangaribi wanarudia ku nyumba kwa mustari. Baba mwenye ametoka poste anaweza kuikala pembeni ya mutoto wake, kuangalia ile filme, na kutambua watu wa kazi yake.

Leo tunapenda kueleza maisha ya mutu mwenye alileta ile hadisi ku sinema, Walt Disney. Alikufa ni miaka mingi, mbele hata ya wazazi wengi wenye kusoma hii ukurasa kuzaliwa. Jina lake iko ku mikoba ya masomo na ku manguo ya watoto. Lakini ni watu kidogo wenye wanajua fasi alitoka, na wenye wanajua kama mu mwaka wa 1941 watumikaji wake walisimama mbele ya mulango wa studio na kufanya grève, hao ni kidogo zaidi. Hayo mambo yanatuangalia sisi watu wa mine. Njo maana tutaeleza yote, mazuri na mabaya.

Mutoto mwenye kutumika bila mushahara

Walter Elias Disney alizaliwa ku Chicago, mu inchi ya Marekani, tarehe 5 mwezi wa 12 mwaka wa 1901. Alikuwa mutoto wa ine kati ya watoto watano wa Elias na Flora. Baba yake Elias alikuwa mutu wa kazi nguvu na wa feza kidogo. Alijaribu useremala, alijaribu kulima, alijaribu biashara, na kila mara feza ilikuwa inamutoroka. Alikuwa vilevile mutu wa kuwaza sana juu ya watumikaji. Alikuwa anaunga mukono Eugene Debs, ule mukubwa wa sendika ya watu wa treni mwenye aliomba mara tano kuwa prezida wa Marekani kwa upande wa wasosialisti. Tunaomba musomaji achunge hilo neno mu kichwa, kwa sababu tutarudi juu yake.

Mu mwaka wa 1906 jamaa ilihamia ku Marceline, kijiji cha jimbo la Missouri, fasi Elias aliuza shamba. Pale Walt alianza kuchora nyama wa shamba: nguruwe, kuku, farasi. Kisha Elias akagonjwa, shamba ikauzishwa, na mu 1911 wakaenda ku muji wa Kansas City. Elias akapata kazi ya kugawa magazeti ku milango ya watu, na wenye kuigawa walikuwa watoto wake Roy na Walt.

Walt alikuwa na miaka 9. Kila siku alipaswa kuamuka mbele ya saa kumi ya usiku, agawe magazeti, kisha aende ku masomo, na mangaribi agawe tena. Mu wakati wa baridi, neige ilikuwa inafika juu ya magoti yake. Mu kalasi alikuwa anasinzia. Vijana wengine wenye walikuwa wanagawa pamoja naye, Elias alikuwa anawalipa. Walt hakulipwa kitu. Baba yake aliona kama chakula na nguo vinatosha kuwa mushahara wa mutoto. Ile kazi ilidumu karibu miaka sita. Hata wakati alikuwa tajiri, Walt alikuwa angali anaota usiku kama amesahau mulango moja, na baba yake anamungojea pale ku kona ya barabara.

Lakini ni ile kazi njo ilimuonyesha Blanche-Neige. Mwanzo wa mwaka wa 1917, watoto wa magazeti wa Kansas City waliitwa bure kuangalia filme mu salle kubwa ya muji. Watoto walikuwa wengi sana mupaka filme ilionyeshwa ku manguo meupe ine kwa wakati moja. Ilikuwa Blanche-Neige ya watu wa kweli, bila sauti. Mwenye kucheza mule alikuwa Marguerite Clark. Walt alikuwa na miaka 15. Hakuisahau tena.

Mu 1918, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, alidanganya miaka yake ya kuzaliwa kusudi aingie mu Croix-Rouge, na akatumwa Ufaransa. Wakati alifika, vita ilikuwa imeisha. Akaendesha mutuka ya wagonjwa, akaichora picha pembeni, na mu 1919 akarudi kwao na wazo moja tu: kuishi kwa kazi ya kuchora.

Kuanguka na kuamuka

Watu wengi wanawaza kama Walt Disney alianza na panya Mickey. Alianza na hadisi za watoto. Mu 1922, ku Kansas City, akiwa na miaka 20, alifungua kampani yake ya kwanza, Laugh-O-Gram. Ile kampani ilitengeneza filme fupi za kuchorwa juu ya Chaperon rouge, Cendrillon, Chat botté na hadisi zingine kama hizo. Kampani yenye ilipaswa kununua hizo filme haikulipa kama ilivyoahidi. Feza ikakosekana. Walt akaanza kulala mu biro, akala maharagi ya kopo, na mara moja ku juma akaenda kuoga ku gare ya treni. Mu 1923 kampani ikaanguka.

Akapanda treni kwenda California na dola 40 mu mufuko. Mukubwa wake Roy alikuwa kule, anatunzwa ugonjwa wa kifua kikuu mu hopitali ya waaskari. Mu mwezi wa 10 wa ile mwaka wandugu wawili wakafungua studio yao. Walt alikuwa mutu wa mawazo. Roy alikuwa mutu wa hesabu na wa kubembeleza banki. Waliendelea vile mupaka kifo. Mu 1925 Walt akaoa Lillian Bounds, binti mwenye alikuwa anatumika mu ile studio, kazi ya kupitisha wino ku picha.

Mu 1928 akapata pigo lingine. Alikuwa na sungura wake wa kuchorwa, Oswald, mwenye watu walipenda. Wakati alienda New York kuomba bei izidishwe, akasikia kama sungura si wake kulingana na mikataba, na kama wachoraji wake karibu wote wamenunuliwa na mwenye kumupatia kazi. Akarudi mikono mitupu. Mwenye alibakia naye ni rafiki yake wa Kansas City, Ub Iwerks, na ni Iwerks njo alichora Mickey Mouse. Filme ya Mickey yenye sauti ilionyeshwa New York tarehe 18 mwezi wa 11 mwaka wa 1928, na jina la Disney likazunguka dunia.

Hapa tuseme jambo moja lenye wengi hawajue: karibu na ile wakati Walt mwenyewe alikuwa ameisha kuacha kuchora filme. Kulikuwa watu wenye kuchora muzuri kumupita, na alijua vile. Zawadi yake ilikuwa kueleza hadisi. Aliweza kusimama mbele ya watu na kuwa nguruwe, mbwa mwitu, bibi kizee, moja kwa moja, mupaka wachoraji wanaona kitu cha kuchora.

Namna Blanche-Neige ilitengenezwa

Mu 1934, siku moja ya mangaribi, aliita wachoraji wake mu salle ya studio, taa kidogo, na akawaelezea Blanche-Neige kutoka mwanzo mupaka mwisho. Alikuwa malkia mubaya, akawa kila mufupi kwa zamu yake. Wenye walikuwa pale walisema kisha kama ile mangaribi iliwabeba miaka mitatu ya kazi.

Watu wa Hollywood walicheka. Filme za kuchorwa zilikuwa za dakika saba ao nane, za kuchekesha watu mbele ya filme kubwa. Nani ataikala zaidi ya saa moja kuangalia picha za wino? Wakaiita wazimu wa Disney. Hata Roy na Lillian waliogopa. Mwanzoni walihesabu dola 250.000. Mwishoni ilikula karibu dola milioni moja na nusu, wakati Marekani ilikuwa ingali mu njaa ya miaka ya 1930. Mu katikati feza ikaisha, na mutu wa Bank of America akaja kuangalia vipande vyenye vilikuwa tayari mbele ya kukubali kukopesha zingine.

Tueleze kidogo ile kazi, kwa sababu mutu wa mine anapendaka kujua namna kitu kinatengenezwa. Ku sinema, segonde moja inakula picha 24. Blanche-Neige iko na dakika 83. Musomaji akihesabu, atapata karibu picha 120.000 zenye kupita mbele ya macho. Muchoraji anachora mwendo ku karatasi na krayon. Kisha ile picha inapitishwa na wino juu ya kipande chenye kuangaza kama kioo, na rangi inatiwa kwa nyuma. Kinalazwa juu ya picha ya pori ao ya nyumba, kamera inapiga mara moja, kinatoshwa, kingine kinalazwa. Wachoraji walikuwa wanaenda ku masomo ya mangaribi mule mu studio kusudi wajue namna mwili wa mutu unatembea, namna nguo inaanguka, namna mutu mufupi mwenye tumbo anapanda ngazi.

Kazi ya wino na rangi ilikuwa ya wanawake, mamia yao, wengi wasichana. Ilikuwa kazi ya jicho kali na ya mukono wenye hautetemeke. Mwanamuke hakuwa anakubaliwa kuingia mu masomo ya wenye kuchora mwendo. Ile ilikuwa ya wanaume. Wanawake walikuwa wanapata chini ya dola 20 ku juma. Wachoraji wakubwa wachache walikuwa wanapata mara kumi ya ile. Na binti mwenye kuimba sauti ya Blanche-Neige, Adriana Caselotti, alilipwa yote pamoja dola 970, na jina lake haikuandikwa mu filme.

Walt aligeuza hadisi yenyewe. Mu kitabu cha wandugu Grimm, Wajermani wenye waliiandika mu 1812, wafupi hawana majina. Ni watu saba wenye kuchimba mulimani, basi. Ni studio ya Disney njo ilipatia kila mumoja jina na tabia yake. Mu Grimm, malkia mubaya anavalishwa viatu vya chuma cha moto na anacheza mupaka anakufa; mu filme anaanguka toka juu ya jiwe. Mu kitabu cha Grimm, Blanche-Neige anaamuka juu sanduku yake imetikisika na kipande cha pomme kinatoka mu koo. Mu filme anaamuka kwa busu ya mutoto wa mufalme. Watoto wengi leo wanaamini kama hadisi ni ya Disney. Lakini hadisi ilikuwa ya watu wa vijiji vya Ulaya, yenye mabibi walikuwa wanaeleza ku moto, myaka mingi mbele ya sinema.

Tarehe 21 mwezi wa 12 mwaka wa 1937 filme ilionyeshwa mara ya kwanza ku Los Angeles. Watu wakubwa wa Hollywood, wale wenye walicheka, walilia wakati wafupi walipiga magoti kuzunguka Blanche-Neige, na mwishoni wakasimama kupiga makofi. Filme ikaingiza karibu dola milioni 8. Mu 1939 Walt akapewa Oscar moja kubwa na zingine saba ndogo, zenye kupangwa kama ngazi.

Mwanzo kabisa wa filme, mbele hadisi ianze, Walt aliandikisha maneno ya kushukuru watumikaji wake kwa uaminifu wao. Yangali pale mupaka leo. Mwenye filme anaweza kuyasoma.

Nyumba yenye ilimwaga machozi

Na feza ya Blanche-Neige, Walt na Roy waliwanunulia wazazi wao nyumba karibu na studio. Elias na Flora walikuwa wametimiza miaka 50 ya ndoa. Ilikuwa mara ya kwanza wazee wale kuikala bila masumbuko.

Mashini ya kupasha moto ya ile nyumba haikukuwa muzuri. Flora alilalamika kama hewa iko mubaya, na watumikaji wa studio wakatumwa kuitengeneza. Hawakuitengeneza kama inafaa. Tarehe 26 mwezi wa 11 mwaka wa 1938, asubui, gazi yenye haina arufu ilijaa mu nyumba. Flora alikufa. Elias alitoshwa akiwa muzima.

Watu wa mine hawana lazima ya kuelezwa ile gazi ni nini. Wanajua kama haionekane na haisikilike ku pua, na kama mutu mwenye kulalamika juu ya hewa anapaswa kusikilizwa siku ile ile. Walt hakupendaka tena mutu aongee juu ya kifo cha mama yake. Hata watoto wake hawakusikia ile habari mu kinywa chake.

Grève ya 1941

Na faida ya Blanche-Neige Walt alijenga studio mupya ku Burbank, ya ajabu: hewa ya baridi mu biro, restaurant, bustani. Hesabu ya watumikaji ilipita 1.000. Lakini Pinocchio na Fantasia, zote mbili za 1940, zilikula feza nyingi, na vita ilikuwa imefunga masinema ya Ulaya. Deni ikapanda. Roy akalazimika kuuzisha sehemu ya kampani ku watu wa inje.

Watumikaji walikuwa na hesabu yao. Wengi walikuwa wametumika usiku na siku za yenga juu ya Blanche-Neige, na walikuwa wanangojea prime yenye waliahidiwa. Wengi walisema haikuwafikia. Mishahara haikukuwa na sheria: watu wawili wa meza moja, kazi moja, mumoja anapata mara mbili ya mwenzake. Mu filme fupi, jina lenye kuonekana lilikuwa la Walt tu. Na sasa walianza kusikia kama watu watafukuzwa.

Studio zingine za Hollywood zilikubali sendika ya wachoraji. Walt alikatala. Aliona studio kama jamaa, na yeye kama baba wa jamaa. Kulikuwa sendika ya ndani ya nyumba, yenye wakubwa walikuwa wanaipenda; watumikaji waliona kama haina meno. Mu mwezi wa 2 wa 1941 Walt aliita watu wote na kuwaelezea mateso yake ya zamani, namna alilala na njaa, namna kila mutu anapaswa kujisaidia mwenyewe. Alitafuta kuwatuliza. Wengi walitoka pale na hasira kupita mbele.

Mwenye aliongoza wengine alikuwa Art Babbitt. Hakukuwa mutu wa mushahara mudogo. Alikuwa kati ya wenye kulipwa muzuri sana. Ni yeye njo alichora malkia wa Blanche-Neige mu mwendo wake. Lakini musaidizi wake alikuwa anapata kidogo, na alipoomba azidishiwe hata dola mbili, ilikatazwa. Babbitt akaacha ile sendika ya nyumba na kuingia mu sendika ya kweli. Mwisho wa mwezi wa 5 wa 1941 Walt akamufukuza pamoja na wengine wa sendika, na kesho yake grève ikaanza.

Mamia ya wachoraji walisimama mbele ya mulango, na kila siku Walt alikuwa anapita katikati yao na mutuka yake. Walikuwa watu wa kuchora, basi mabango yao yalikuwa na picha za Mickey na Pinocchio zenye kuongea juu ya mushahara. Wengine walibakia ndani wanatumika. Marafiki wa miaka kumi hawakusalimiana tena. Grève ilidumu majuma mengi. Serikali ya Marekani ikatuma wapatanishi, na ikamuomba Walt afanye safari ya urafiki ku Amerika ya Kusini. Akaenda. Wakati hakuwa pale, mapatano yakafanyika, na mu mambo mengi sendika ilipata haki: studio ikaitambua, mishahara ikapangwa na kupandishwa, na majina ya wachoraji yakaanza kuandikwa.

Akiwa kule kusini, Walt alipata habari kama baba yake amekufa. Ilikuwa tarehe 13 mwezi wa 9 mwaka wa 1941. Elias, ule rafiki wa Debs, mwenye kuunga mukono watumikaji wa Marekani yote na mwenye hakulipa mutoto wake hata senti, alikufa wakati ule mutoto alikuwa amepigana na watumikaji wake mwenyewe.

Walt hakusamehe. Babbitt alifukuzwa tena, na sheria ikalazimisha studio imurudishe. Mu 1947 Walt alienda mbele ya kamati ya bunge ku Washington na kusema kama wakomunisti njo walipanga grève, akataja na majina. Mu miaka ile kutajwa vile ilikuwa kupoteza kazi. Hii sehemu ya maisha yake haina uzuri, na hatutaipaka rangi.

Cendrillon na machweo

Mu wakati wa vita studio ilitengeneza zaidi filme za jeshi. Kisha vita, deni ya banki ilikuwa imepita dola milioni 4. Walt akarudia ku kile chenye kilimuokoa mara ya kwanza: hadisi ya zamani. Cendrillon, kwa namna ya Mufaransa Charles Perrault wa 1697, na kiatu cha kioo na boga lenye kugeuka gari, ilitoka mu mwaka wa 1950. Watu walijaa mu masinema na studio ikapona. Na ile feza, na feza ya televizio, Walt alifungua Disneyland tarehe 17 mwezi wa 7 mwaka wa 1955, bustani ya michezo yenye kasri la Belle au bois dormant katikati.

Filme ya Belle au bois dormant yenyewe ilitoka mu 1959. Ilikula karibu miaka kumi ya kazi na dola milioni 6, na mwanzoni haikuzirudisha. Wachoraji wengi walifukuzwa. Kisha ikaingia mashini ya kupitisha picha ya krayon moja kwa moja ku kile kipande chenye kuangaza, bila mukono wa mutu. Ilianza kutumika sana ku Les 101 Dalmatiens, mu 1961, na mwenye kuitengeneza alikuwa Ub Iwerks, ule rafiki wa zamani. Ilipunguza gharama sana. Wanawake wa wino, wenye walijua ile kazi miaka 20 na zaidi, wakaonekana hawana tena kazi. Mu camps zetu watu wanajua ile hadisi: mashini inaingia, hesabu ya watu inashuka.

Walt hakufanya tena filme ya kuchorwa juu ya hadisi ya namna ile; studio yake ilingojea mupaka 1989, na La Petite Sirène. Alikuwa anavuta sigara toka ujana, moja kisha ingine. Mu mwezi wa 11 wa 1966 wanganga walikuta kansa mu pafu lake la kushoto na kulikata. Alikufa tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka wa 1966, siku kumi kisha kutimiza miaka 65, mu hopitali ya Saint Joseph, yenye inaangaliana na studio yake. Roy alibakia kumaliza kazi ya bustani ya pili, ku Florida. Aliifungua mu mwezi wa 10 wa 1971, akaiita kwa jina la ndugu yake, na akakufa mu mwezi wa 12 wa ile ile mwaka.

Basi, mababa na mamama, hatusemi mufunge televizio. Filme ni nzuri na watoto wako na haki yao ya kufurahi. Tunaomba jambo moja tu. Siku ingine wakati Blanche-Neige inaanza, muwaonyeshe watoto mashavu yake, ile wekundu kidogo yenye kufanya aonekane mutu muzima. Ilitiwa kwa mukono, kipande kwa kipande, mara maelfu, na wanawake wa rangi. Kati ya wenye walifanya ile kazi kulikuwa Helen Ogger. Mu majina yenye kupita ku mwanzo wa filme, lake haiko. Tumeliandika hapa.